Kitabu Kinapopanda Ukutani

Wajukuu zangu, sogeeni huku penye jua. Mji wetu wa Sumbawanga uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mwezi wa saba hapa Ufipa hauna adabu. Mkishapata joto, fungueni masikio. Simulizi ya leo haina sungura wala fisi. Ni simulizi ya kitabu kilichomo ndani ya kishikwambi cha mwalimu, na safari yake hadi kupanda ukutani ambako darasa zima linakiona.

Mmeniuliza swali zuri. Baada ya sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, kwa hiyo kitabu ambacho zamani kilisubiri lori kutoka Dar es Salaam sasa kinaweza kufika Laela, Matai au Namanyere siku hiyo hiyo, mradi mtandao upo. Lakini kioo cha kishikwambi ni kidogo, nanyi darasani ni wengi. Mwalimu akiunganisha projekta na kukimulika kitabu kama kilivyo, ukuta unajaa herufi ndogondogo. Aliye dawati la mbele anasoma, aliye nyuma anakisia. Ndipo mkaniuliza: je, kitabu hicho hakiwezi kugeuzwa kuwa slaidi? Na kama kinaweza, nani hukigeuza, na kwa namna gani?

Nitawaambia, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Hadithi za Wafipa ziliishi midomoni mwa wazee muda mrefu kabla ya kupata karatasi. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia kutoka Uingereza, Roy Willis, alikuja kuishi huku Ufipa, akawasikiliza wazee, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kizima cha sanaa ya usimulizi wa Wafipa. Maneno yakapata pa kulala. Lakini mkono wa msimulizi unaopaa hewani, kile kimya kidogo kabla ya jambo la kutisha, watoto wanaodakia kiitikio, hayo yote karatasi haina pa kuyaweka. Hata kiwe kizuri namna gani, kitabu huchukua maneno na kumwacha msemaji.

Kisha vitabu vikaacha karatasi. Mwaka 1971 kijana Mmarekani aitwaye Michael Hart alichapa Azimio la Uhuru la nchi yake ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois ili wengine walisome, na huo ukawa mwanzo wa Project Gutenberg, maktaba ya bure ya vitabu vya kielektroniki. Mwaka 2007 wachapishaji na watengenezaji wa programu wakakubaliana juu ya muundo mmoja wa faili la kitabu, wakauita EPUB.

Slaidi zina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1987 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Forethought ilitoa programu ya PowerPoint, iliyobuniwa na Robert Gaskins na wenzake, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo. Gaskins hakuwa akimfikiria msomaji aliyekaa peke yake kitandani. Alimfikiria mtu aliyesimama mbele za watu, anayeongea, anayehitaji picha na maneno machache nyuma ya mgongo wake.

Shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo mzizi wa yote nitakayosema. Faili la kitabu limetengenezwa kwa ajili ya anayesoma kimya. Faili la slaidi limetengenezwa kwa ajili ya anayesema. Ukilitoa neno katika la kwanza na kulitia katika la pili bila kukumbuka kwamba safari hii kuna mtu atasimama na kufungua kinywa, utapata ukuta uliojaa maandishi na darasa lililojaa miayo.

Sasa tufungue mafaili yenyewe. Siku mtakapopata kompyuta, chukueni kitabu chochote cha EPUB kisichofungwa kwa kufuli, mtengeneze nakala, kisha kwenye jina la hiyo nakala futeni herufi za mwisho zinazosema epub, muandike zip. Ifungueni. Mtaona kwamba kile mlichodhani ni kitabu kimoja ni kifurushi chenye mafaili mengi ndani yake. Kuna faili linalotaja sura zote na utaratibu wake, ipi ianze na ipi ifuate. Kuna sura zenyewe, zilizoandikwa kwa lugha ile ile inayotumika kutengeneza kurasa za tovuti. Kuna picha, na kuna faili la mapambo linaloeleza vichwa viwe na ukubwa gani na aya ziachane kiasi gani.

Fanyeni vivyo hivyo kwa faili la PowerPoint, lile la pptx. Nalo ni kifurushi cha zip. Ndani yake kuna folda ya slaidi, na kila slaidi ni faili lake: slide1, slide2, slide3, hadi ya mwisho. Picha zimekaa kwenye folda yao. Mkiyafungua mafaili haya mawili kwa programu ya maandishi matupu, yote yataanza na herufi mbili, P na K. Ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeubuni muundo wa zip mwaka 1989. Alikufa kijana mwaka 2000, lakini herufi zake zimo ndani ya karibu kila wasilisho linaloonyeshwa duniani leo.

Basi kugeuza kitabu kuwa slaidi ni kutoa maneno na picha kwenye kifurushi kimoja na kuvipanga upya kwenye kingine. Kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu ndani ya EPUB kila kipande kimewekewa alama: hiki ni kichwa cha sura, hiki ni kichwa kidogo, hii ni aya, hii ni picha. Programu inafuata alama. Ikikuta kichwa, inaanzisha slaidi mpya na kukiandika juu. Inachokikuta chini ya kichwa hicho inakimimina kwenye slaidi hiyo.

Kuna programu ya bure iitwayo Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia mstari mmoja tu: pandoc kitabu.epub -o kitabu.pptx. Baada ya muda mfupi faili la slaidi liko tayari. Wasiopenda kuandika amri wana njia ya kuzunguka. Programu ya Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal wa India, nayo ni ya bure, na inageuza EPUB kuwa faili la Word. PowerPoint ina uwezo wa kutengeneza slaidi kutokana na vichwa vya faili hilo, na LibreOffice, ambayo hailipiwi, ina kitufe cha kupeleka vichwa vya habari moja kwa moja kwenye slaidi. Njia hizi za vichwa huacha aya nyuma, na mimi nadhani hilo ni jambo jema, kwa sababu nitakayowaeleza sasa hivi.

Mnayajua yale matanuri ya chuma ya wazee wetu? Huko Nkasi na kwingineko Ufipa magofu yake yangali yanaonekana, na mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameyachunguza kwa miaka mingi. Tanuri kubwa liliitwa ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, refu kumpita mtu, karibu mita 3, na chini kabisa likawa na matundu. Halikuvukutwa. Moto ulipowaka, hewa ya moto ilipanda juu, na ilipopanda ikavuta hewa mpya kupitia yale matundu ya chini. Urefu wa tanuri ndio uliofanya kazi ya mivukuto. Watu walipanga makaa na mawe ya chuma ndani yake, wakasubiri. Mwisho wake walipata bonge, lakini bonge hilo halikuwa bado jembe wala shoka. Chuma kilikuwa kimechanganyika na mavi ya chuma. Ndipo likachukuliwa likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako mivukuto ilitumika, na huko chuma kikasafishwa kabla ya kupelekwa kwa mhunzi.

Pandoc ni ilungu. Inachokutolea ni bonge. Wengi wanaogeuza vitabu huishia hapo, wanalibeba bonge hadi darasani, kisha wanashangaa kwa nini watoto hawaelewi. Kazi ya kintengwe bado.

Tuchukue mfano. Tuseme mmeandika kitabu chenu wenyewe cha historia ya Ufipa, na sura ya pili inahusu chuma. Aya yake moja inasema hivi: «Mababu zetu walijenga tanuri refu la udongo lililoitwa ilungu. Tanuri hilo lilikuwa na matundu mengi chini, na halikuhitaji mivukuto kwa sababu hewa ya moto ilipanda juu na kuvuta hewa nyingine kutoka nje. Bonge lililopatikana lilipelekwa kwenye tanuri dogo lililoitwa kintengwe ili lisafishwe. Baadaye mhunzi alifua majembe, mashoka na mikuki.» Hiyo ni aya nzuri kwa msomaji. Mkiipitisha kwenye programu, itakuja yote kwenye slaidi moja, neno kwa neno, chini ya kichwa «Sura ya Pili». Na kama aya ni tatu au nne chini ya kichwa kimoja, maneno yatashuka hadi nje ya slaidi, chini kabisa, yasionekane. Mashine haijui kwamba ukuta una mwisho.

Sasa safisheni. Ulizeni kwanza: katika aya hii, ni kitu gani ambacho mdomo wangu hauwezi kukionyesha? Umbo la ilungu. Basi slaidi ya kwanza iwe picha ya tanuri, kubwa, ijaze ukuta, na maneno machache: «Ilungu, karibu mita 3». Basi. Ya pili iwe ramani, Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili, uwanda wetu ukiwa katikati, ili mtoto aone kwamba chuma hicho kilifuliwa nyumbani kwao. Ya tatu iwe swali, peke yake, kwa herufi kubwa: «Hewa iliingiaje bila mivukuto?» Hapo anayefundisha anyamaze. Awaache watoto wabishane. Atakayesema moto huvuta hewa, huyo aitwe mbele aeleze. Slaidi ya nne ndiyo ionyeshe mchoro wenye mishale: hewa baridi inaingia chini, hewa ya moto inatoka juu. Ya tano, kintengwe na mivukuto yake.

Na ile aya je? Msiitupe. Kila slaidi ina nafasi chini yake ya maelezo ya msemaji. Darasa halioni maelezo hayo, anayefundisha huyaona kwenye kioo chake. Ibandikeni aya huko, nzima, kama mwandishi alivyoiandika. Msemaji akisahau, anachungulia. Hivyo maneno ya kitabu hayapotei, yamehama tu kutoka ukutani kwenda kinywani, na kinywani ndiko yalikotoka tangu zamani za wazee wale waliosikilizwa na Willis.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona pande zote mbili. Kuna slaidi zenye aya nzima ambazo mwalimu anazisoma kwa sauti huku amewageuzia watoto mgongo. Hizo ni mbaya. Lakini kuna nyingine zenye maneno matatu na picha ya kupendeza, mtoto anafurahi, anaondoka, na hajui kwamba nyuma ya maneno matatu kulikuwa na sura nzima. Hizo nazo si njema. Slaidi ya mwisho iandikwe jina la kitabu, sura na ukurasa, na kitabu kiwepo maktaba ya shule au ndani ya kishikwambi, mtoto akakisome mwenyewe. Projekta ikizimwa, kusoma kuendelee.

Mnaweza kuniuliza kuhusu PDF, maana vitabu vingi mnavyovipata viko hivyo. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na kusudi lake lilikuwa kwamba ukurasa ubaki vile vile kwenye kila kompyuta na kila printa. Kwa kuchapisha ni jambo bora. Kwa kugeuza ni taabu. Ndani ya PDF nyingi hakuna alama inayosema hiki ni kichwa na hii ni aya. Kuna herufi tu na mahali zilipokaa kwenye ukurasa. Programu inabahatisha, na mara nyingi mstari mmoja unakuja vipande vinne, namba ya ukurasa inaingia katikati ya sentensi, na safu mbili zinachanganyika. Kama kitabu hicho hicho kinapatikana kwa EPUB, chukueni EPUB.

Tabu zaidi ni kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Humo hakuna herufi hata moja, ni picha za herufi. Itabidi programu ya kutambua maandishi ipite kwanza. Tesseract ni mojawapo, ya bure, na inasoma Kiswahili. Lakini baada yake lazima macho ya mtu yapite. Ile alama ndogo ya ng' hupotea kirahisi: ng'ombe anakuwa ngombe. Herufi r na n zikikaribiana husomwa m. Na jina la Kifipa ambalo programu haijawahi kukutana nalo laweza kutoka limevurugika vibaya. Nyinyi mnaozijua lugha za nyumbani ndio wahariri wanaofaa kuliko mashine yoyote. Hapo msimwachie mtu wa mbali kazi yenu.

Kisha kuna suala la haki. Kitabu ni jasho la mtu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutumia sehemu ya kitabu kufundishia darasani ni jambo moja. Kukigeuza chote na kukisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, au kuuza slaidi zake, ni jambo lingine, na ni wizi. Vitabu vinavyouzwa mtandaoni mara nyingi huwekewa kufuli, na programu za kugeuza hukataa kuvifungua. Msihangaike kuvunja kufuli. Mwandikieni mchapishaji, mwombeni ruhusa, mwambieni nyinyi ni akina nani na mnataka sura gani. Kama mnataka cha kuanzia bila kuomba ruhusa, African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na leseni zake zinaruhusu kunakili, kutafsiri na kubadili ilimradi umtaje mwandishi na mchoraji. Hadithi hizo ni fupi, kila ukurasa una picha na sentensi chache. Zinapanda ukutani karibu bila kusafishwa.

Mambo madogo yaliyobaki nitayapita haraka. Slaidi za siku hizi ni pana, upana 16 kwa urefu 9, ilhali projekta nyingi za zamani ni 4 kwa 3. Chagueni kipimo kabla ya kuanza, si baada. Punguzeni uzito wa picha, la sivyo kompyuta ya shule itakwama katikati ya somo. Wekeni nakala mbili kwenye flashi, moja ya pptx na nyingine ya PDF, kwa sababu kompyuta ya pili inaweza kukosa aina ya herufi mliyotumia na mpangilio wote ukavurugika. Umeme nao: kwa miaka mingi Sumbawanga imetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Zambia, na mnajua wenyewe jinsi unavyoweza kukatika. Chapisheni zile slaidi zenye picha kwenye karatasi kubwa, mzitundike. Mwenye kusimulia hashindwi kuendelea kwa kukosa balbu.

Sasa nendeni mkajaribu. Msianze na kitabu kizima. Chagueni sura moja mnayoipenda, isomeni mara mbili kabla ya kugusa kompyuta, muitie kwenye programu, kisha mfute bila huruma mpaka kila slaidi ibaki na jambo moja. Na kwenye slaidi ya kwanza kabisa, kabla ya jina la shule yenu na kabla ya majina yenu, andikeni jina la mwandishi wa kitabu.